Mtu wa Mawe Aliyelala Mombasa

Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mwashi, na katika miaka ile ambapo mashamba ya Endebess yalikuwa bado mikononi mwa walowezi, yeye ndiye aliyewajengea maghala ya mahindi, mabanda ya ng'ombe na dohani za nyumba zao. Hakujua kusoma wala hakuwa na cheti cha namna yoyote, walakini kabla hajaweka jiwe la kwanza alikuwa akichukua kamba yenye mafundo kumi na mawili yaliyolingana, akaizungusha juu ya vigingi vitatu, nafasi tatu upande huu, nne upande ule, na tano kwa mshazari, hata pembe ikawa sawasawa bila ya guniya, kisha akasimama wima, akaitazama ardhi iliyo tupu, akasema, "Sasa nyumba ina adabu." Kamba hiyo niliirithi. Nikawa mwalimu wa hesabu, si mwashi, na kwa muda wa miaka thelathini na zaidi nikaitumia kuwaonyesha watoto wa shule za msingi kwamba kanuni ile waliyoikariri kwa taabu kutoka ubaoni ilikuwa tangu zamani mkononi mwa mzee asiyejua herufi.

Katika ofisi ya walimu ya shule yangu ya mwisho palikuwa na kalenda iliyopitwa na wakati, ambayo hakuna aliyekuwa na moyo wa kuiondoa, kwa sababu ilikuwa na picha ya mji wa Florence, na juu ya mapaa yote mekundu ya mji huo limeinuka kuba la kanisa kuu, kubwa mno, kana kwamba majengo mengine yote yamewekwa hapo ili kulitumikia. Nilisoma habari zake kila nilipopata kitabu. Kuba hilo lilijengwa baina ya mwaka 1420 na 1436 na Filippo Brunelleschi, mtu ambaye kwa asili alikuwa sonara; na ajabu yake, ambayo mwana wa mwashi hawezi kuipita kimyakimya, ni kwamba aliliinua bila ya kiunzi cha mbao cha kulishikilia kutoka chini, bali alijenga makuba mawili, moja ndani ya jingine, akipanga matofali mfano wa miba ya samaki, ili kila duara lijishike lenyewe kabla ya duara la juu yake kuanza. Zama hizo ndizo ambazo Giorgio Vasari, alipoandika kitabu chake cha maisha ya wasanii mwaka 1550, alizipa jina la kuzaliwa upya, nasi leo twaziita Renesansi. Niliazimia kwamba nitakapostaafu nitakwenda kuliona kuba lile kwa macho yangu. Nikastaafu, na kama ijulikanavyo na kila mwalimu aliyestaafu, nauli ya Italia si jambo ambalo kiinua mgongo chetu kinalifahamu.

Nimeandika makala haya ili kusema kwamba sikuhitaji nauli ya Italia. Renesansi ilikwisha kuja kwetu, ikashuka pwani, ikajengwa kwa mawe ya kwetu, nayo ingali pale Mombasa, kwenye ncha ya mji wa kale, ambako watoto wetu hupelekwa na shule, wakaonyeshwa mizinga, wakapigwa picha, wakarudishwa basini pasipo kuambiwa ni kitu gani walichokiona.

Safari yenyewe haikuwa na mengi. Nilitoka Endebess ukungu wa Mlima Elgon ukiwa bado haujainuka juu ya mahindi, nikapanda gari Kitale, na baada ya Naivasha dereva wetu akachagua njia ya chini, ile ipitayo Mai Mahiu, hivyo nikapata bahati ya kuliona lile kanisa dogo lililo kando ya barabara, ambalo wafungwa wa vita wa Kitaliani walilijenga mwaka 1942 walipokuwa wakitengenezeshwa njia ya kupanda bonde. Ni dogo kiasi kwamba arusi ya kijijini kwetu isingeweza kuingia humo, ila lina uso wenye ulinganifu na mlango uliokaa mahali pake. Nikajisemea kwamba watu hawa hata wakiwa kifungoni hawajui kuweka jiwe ovyo. Kesho yake nikapanda treni ya Mombasa.

Ngome ya Yesu, maana hiyo ndiyo tafsiri ya jina lake ingawa wenyeji husema Fort Jesus tu bila ya kujisumbua, nilikuwa nimeifundisha kwa miaka mingi kama tarehe. Ilijengwa 1593, ikakamilika 1596, Wareno walikuwa wabaya, Waarabu wa Oman wakawatoa 1698, andikeni. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa mimi na hivyo ndivyo nilivyowafundisha wengine nilipotakiwa kushika kipindi cha historia kwa kukosekana mwalimu wake, nami naona haya kukiri kwamba katika kipindi chochote sikupata kuuliza, wala kuulizwa na mtoto, nani aliyeichora.

Kijana anayeongoza wageni alinipokea langoni kwa adabu ya pwani, ambayo sisi wa bara tuna mengi ya kujifunza kwayo.

"Shikamoo, mzee wangu. Karibu. Umetoka bara?"

"Marahaba, mwanangu. Nimetoka Endebess, chini ya Mlima Elgon."

"Basi umetoka mbali. Pumzika kwanza kivulini, ngome haikimbii."

Nilipokwisha kupumzika akanipandisha juu ya ukuta, akanyosha mkono, akasema, "Hebu tazama kwa makini, mzee. Utamwona mtu amelala chali." Kwanza niliona kuta tu. Kisha nikaona: upande wa bahari ile sehemu iliyojitokeza ndiyo kichwa, pande mbili za kichwa zimenyoka buruji mbili kama mikono, na upande wa nchi kavu buruji nyingine mbili, kubwa na nzito kuliko za kwanza, zimetanuka kama miguu ya mtu aliyejilaza kwa raha baada ya kazi. Wareno walizipa majina ya watakatifu wao, São Mateus na São Matias, Santo Alberto na São Filipe. Nikatoa kamba ya baba mfukoni. Kijana akacheka, akadhani mzee ana wazimu wa namna fulani, walakini akanishikia ncha moja bila ya kuuliza.

Aliyeichora ngome hiyo alikuwa Mtaliani wa Milan, jina lake Giovanni Battista Cairati, mhandisi mkuu wa mfalme katika milki za Wareno za mashariki. Na mfalme mwenyewe alikuwa Philip wa Pili wa Hispania, ambaye zama hizo alikuwa amekwisha kuitia Ureno chini ya taji lake, na ndiyo sababu ya Mtaliani kufanya kazi ya Mreno kwa amri ya Mhispania katika nchi ya Waswahili. Cairati alifariki Goa mwaka 1596, mwaka uleule ambao ngome yake ya Mombasa huhesabiwa kukamilika. Alikuja na elimu ya kwao. Na katika elimu hiyo neno kubwa lilikuwa hili, kwamba vipimo kamili vya jengo vimo katika mwili wa binadamu, kwa kuwa Muumba hakuumba kitu chenye ulinganifu kupita huo. Neno hilo lilitoka kwa Vitruvius, msanifu wa Roma ya kale aliyeishi kabla ya kuzaliwa kwa Nabii Isa. Leonardo da Vinci akalichora takriban mwaka 1490 katika picha ile ijulikanayo duniani kote, ya mtu aliyenyosha mikono na miguu ndani ya duara na mraba. Naye Francesco di Giorgio Martini wa Siena akaenda mbele zaidi, akachora ngome nzima juu ya umbo la mtu. Mwaka 2011 UNESCO ilipoitia Fort Jesus katika orodha ya urithi wa dunia, sababu iliyotajwa haikuwa vita vyake peke yake, bali ulinganifu huu hasa, kwamba hapa wazo la Renesansi juu ya mwili wa binadamu limesimamishwa kwa mawe.

Msomaji ataniuliza: je, kuna sanaa gani katika boma la kufyatulia mizinga? Nami nitamjibu kwamba swali hilo ni la wakati wetu, ambapo tumemtenga msanii na fundi kana kwamba si ndugu. Watu wa zama zile hawakuwatenga. Leonardo mwaka 1502 alikuwa mhandisi wa vita wa Cesare Borgia. Michelangelo, ambaye sanamu zake watu huvuka bahari kwenda kuzitazama, alipewa mwaka 1529 usimamizi wa ngome zote za Florence, akachora buruji kwa mkono uleule uliochora mitume. Na haja ilikuwa kubwa, kwa sababu mwaka 1494 mfalme Charles wa Nane wa Ufaransa aliingia Italia na mizinga ya namna mpya, na zile kuta ndefu nyembamba za kizamani, ambazo zilitosha kumzuia mtu mwenye ngazi na mkuki, zikawa zinabomoka kama kichuguu kilichopigwa teke. Hapo wasanifu wa Kitaliani wakaketi na karatasi zao, wakafikiri upya. Waliufupisha ukuta, wakaufanya mnene, wakaulaza kidogo kwa nyuma ili risasi ya mzinga iuteleze badala ya kuupiga uso kwa uso. Na pembeni wakatoa buruji zenye ncha, zilizopangwa kwa hesabu ya pembe hata pasiwe na mahali hata pamoja, chini ya ukuta wowote, ambapo adui anaweza kujificha asionwe na mlinzi wa buruji ya jirani. Mwaka 1593, mwaka uleule ambao Fort Jesus ilianzwa, Jamhuri ya Venice ilianza kuujenga mji wa Palmanova, nyota yenye ncha tisa katika nchi tambarare. Mombasa, basi, haikuletewa mtindo wa zamani uliochakaa huko ulikotoka. Ililetewa ule uliokuwa ukichorwa mwaka huohuo.

Nilishuka chini ya ukuta kwa upande wa handaki, nikaweka kiganja juu ya jiwe. Baba angefanya vivyo. Ni tumbawe, lenye vitundu vya viumbe waliokufa kabla ya Adamu, limefungwa kwa chokaa. Na mahali pengine huwezi kujua ukuta umeanzia wapi na mwamba umekomea wapi, kwani msanifu hakuujenga msingi, ila aliuchonga mwamba wenyewe uwe msingi, kisha akaendeleza mawe juu yake kwa mlalo uleule. Nilisimama hapo kwa muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Katika vyumba vya makumbusho mna vyombo vya kaure na vitu vilivyotolewa katika ile merikebu, Santo António de Tanná, iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697, navyo ni vizuri. Ila kwangu mimi mahali pale ambapo mwamba wa Mungu unageuka kuwa ukuta wa mtu ndipo palipostahili tikiti.

Hapo pia ndipo furaha yangu ilipopata doa, na sipendi kulificha doa hilo. Mawe hayo hayakujichonga. Waashi waliletwa kutoka Goa, na vibarua wakatolewa Malindi, kwa kuwa mtawala wa Malindi alikuwa rafiki wa Wareno tangu alipofika Vasco da Gama mwaka 1498, naye sasa alikuwa amepewa Mombasa iliyoshindwa. Jina la Cairati tunalo. Majina ya mfalme, ya watakatifu, na ya nahodha wa ngome, Francisco de Seixas de Cabreira, aliyejitia jiwe la sifa juu ya lango akataja na umri wake wa miaka 27 alipopewa unahodha mwaka 1635, tunayo. Majina ya waliochonga mwamba juani hatuna hata moja. Katika jengo lililotukuza mwili wa binadamu kiasi cha kuufanya ramani, miili iliyolijenga haikuandikwa popote. Sisemi haya ili kuipunguzia ngome uzuri wake, wala sidhani uzuri wake unaifuta dhuluma. Nasema tu kwamba mtoto akionyeshwa moja bila ya la pili amefundishwa nusu, na nusu hiyo, yoyote iwayo, ni uongo.

Na watu wasioandikwa majina hawakunyamaza kabisa. Juu ya ukuta wa buruji moja askari au mabaharia wa Kireno walichora kwa makaa na udongo mwekundu. Merikebu zenye matanga, samaki, watu. Si kazi ya mabingwa, mistari inatetemeka, na merikebu moja imekaa majini kama bata. Zimehifadhiwa, na mgeni aweza kuziona. Nami nakiri, wenye elimu wanisamehe, kwamba ziliniingia moyoni kuliko ulinganifu wote wa Cairati, maana ndani yake yumo mtu wa kawaida aliyeshikwa na kuchoka, anayeitazama bahari akitaka kwenda kwao.

Tena, ramani kamili haikuwakinga Wareno wenyewe. Mwaka 1631 Yusuf bin Hasan, mtoto wa ukoo wa Malindi ambaye Wareno walikuwa wamempeleka Goa wakamlea na kumbatiza kwa jina la Dom Jerónimo, aliitwaa ngome kutoka ndani, na hesabu zote za pembe hazikufaa kitu, kwa kuwa adui hakuja kwa njia iliyochorwa. Na mwezi wa Machi 1696 watu wa Oman walipoizingira, ukuta ulisimama. Walioanguka ni watu, kwa njaa na maradhi, hata ikafika wakati ambapo ngome ya mfalme wa Ureno ilishikiliwa na Bwana Daud wa Faza pamoja na Waswahili wachache, wanaume na wanawake, ambao vitabu vingi huwapitia kwa sentensi moja. Ikaanguka mwezi wa Disemba 1698, baada ya miezi 33. Merikebu za msaada kutoka Goa zilifika siku chache tu baadaye, zikakuta bendera nyekundu.

Lugha yetu nayo imeweka kumbukumbu yake kwa njia ya kichekesho. Ndani ya ngome palikuwa na kanisa, nalo kanisa kwa Kireno huitwa igreja. Waswahili wakalichukua neno, likawa gereza, likahama kutoka kanisani hadi kwenye ngome nzima, na Waingereza walipoifanya ngome kuwa jela tangu 1895 hadi 1958 neno likapata maana yake ya leo. Nyumba ya sala imekuwa nyumba ya minyororo, na sisi tuliolitamka neno hilo kila siku hatukusikia mlango ukifungwa. Kutoka jela ikawa makumbusho mwaka 1960, baada ya mtaalamu James Kirkman kuifukua na kuitengeneza kwa fedha za Wakfu wa Gulbenkian wa Ureno. Na mimi naiona hii kuwa fidia ndogo iliyokuja kwa kuchelewa, lakini iliyofanya kazi yake.

Jioni nilizunguka mitaa ya mji wa kale, Ndia Kuu na vichochoro vyake, na hapo ndipo nililipata lile ambalo nadhani mwalimu wa Kiswahili atalifurahia kuliko tarehe zote. Mzee mmoja aliyekuwa akikarabati baraza ya nyumba yake aliiona kamba yangu, akaniuliza ni ya nini, nami nikamweleza habari za mtu aliyelala chali na za Vitruvius. Akasikiliza kwa uvumilivu, kisha akaniambia, "Mwalimu, sisi tulipimia nini?" Akanyosha mkono, akanionyesha: upana wa kidole ni wanda, kutoka ncha ya kidole gumba hadi ya kidole cha mwisho, kiganja kikitanuliwa, ni shibiri, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati ni dhiraa, na mikono miwili ikinyoshwa kwa pande zote mbili, kama yule mtu wa Leonardo, ni pima. Misikiti na nyumba za mawe za pwani hii, kutoka Lamu na Gede hata Kilwa, zilipimwa hivyo, na vyumba vyake vikawa vyembamba na virefu kwa sababu boriti za mkoko zenye nguvu ya kubeba dari ya chokaa hazizidi takriban mita 3. Mtaliani aliuchora mwili wa mtu juu ya karatasi. Fundi wa Kiswahili hakuwa na haja ya kuuchora, kwa kuwa alikwenda nao kazini.

Nilinyamaza, nikakumbuka kwamba mafundo ya kamba ya baba yameachana kwa dhiraa moja kamili, dhiraa ya mkono wake yeye, aliyekuwa mfupi.

Wapo watakaosema kwamba mkulima wa Trans Nzoia ana shida za kutosha, bei ya mbolea na mahindi yanayooza ghalani, hata asisumbuliwe na Waitaliani waliokufa. Hoja hiyo naiheshimu, nami mwenyewe nina magunia yanayongoja mnunuzi. Lakini watu hao hao hujenga. Kila msimu wa kiangazi nyumba mpya huinuka Endebess, Kwanza na Kiminini, na nyingi zake hunakiliwa kutoka simu ya mtu, nguzo za Kiroma za saruji mbele, dirisha lisilojua jua linatoka wapi nyuma, bila ya mtu kuuliza nguzo ile ilikuwa ikibeba nini ilipozaliwa. Kijana akifunzwa kuuliza swali hilo mbele ya ukuta wa Fort Jesus, hataacha kuliuliza mbele ya nyumba ya mama yake.

Wapo pia watakaosema kwamba nimepumbazwa na Uzungu, nami kwa hao nina jibu lililo karibu zaidi na nyumbani. Juu ya mji wa Webuye, katika kaunti ya Bungoma, upo mlima wa Chetambe, na juu yake ilikuwapo ngome ambamo wapiganaji wa Kibukusu na wa Kitachoni walisimama mwezi wa Agosti 1895, baada ya vita vya Lumboka, dhidi ya jeshi lililoongozwa na C. W. Hobley. Ilikuwa ya udongo, ya mviringo, na handaki pembeni, kama zilivyokuwa zile ngome nyingine ambazo Wabukusu walijenga kujikinga na wavamizi, wakaziita chingoba. Mviringo huo haukutokea kwa bahati. Yeyote aliyeona nyumba ya Kibukusu ikianzwa anajua jinsi kigingi kimoja husimikwa katikati, kamba ikafungwa hapo, na fundi akatembea akiivuta, hata duara likamrudia mahali alipoanzia. Na duara la ngome, ambalo halina pembe ya kujificha adui, ni jibu la swali lilelile lililowakosesha usingizi wasanifu wa Italia, isipokuwa kwamba lilitolewa dhidi ya mikuki na si dhidi ya mizinga. Mizinga ilipokuja, udongo haukuweza. Vivyo hivyo kuta ndefu za Italia hazikuweza mwaka 1494, na hakuna aliyesema kwa sababu hiyo kwamba Waitaliani hawakujua kujenga.

Udongo hausubiri kama tumbawe. Mvua za Bungoma na jembe la mkulima hufanya kila mwaka kazi ambayo watu wa Oman hawakuiweza kwa miezi 33. Kwa hivyo namwomba gavana wa Bungoma na wakuu wa Makumbusho ya Taifa, kabla ya sanamu nyingine yoyote ya saruji kusimamishwa katika njia panda yoyote, watume wapimaji Chetambe wakachore ramani ya handaki lile kwa usahihi uleule ambao ngome ya Cairati imechorwa, ramani hiyo ikatundikwa kando ya ile ya Cairati katika makumbusho ya Kitale, na nakala yake ikapelekwa katika kila shule kutoka Kimilili hadi Endebess, mtoto akaona ngome mbili ubavu kwa ubavu juu ya ukuta mmoja: mtu aliyelala chali, na duara.

Na wewe mwalimu mwenzangu, utakapowapeleka watoto Mombasa mwisho wa muhula, waache mizinga kwa saa moja. Wapandishe ukutani, uwaulize kichwa kiko wapi na miguu iko wapi, uwashushe handakini watafute mahali mwamba unapokuwa ukuta, na kila mmoja apime kwa dhiraa ya mkono wake mwenyewe. Majibu yao hayatalingana. Waulize kwa nini. Kamba yangu ipo Endebess, na anayeihitaji kwa safari hiyo nitamwazima, kwa sharti airudishe.